Namna ya Kumchangia Mwanariadha Chipukizi: Maelezo kwa Wananchi, kwa Mfano wa Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita

Tarehe 15 Septemba 2025, katika jiji la Tokyo nchini Japani, Alphonce Felix Simbu, mzaliwa wa Mkoa wa Singida na askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, alishinda mbio za marathoni katika Mashindano ya Dunia ya Riadha kwa muda wa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Amanal Petros wa Ujerumani, aliyemfuata, aliandikiwa muda huo huo, na ilibidi picha ya mstari wa mwisho itazamwe ili mshindi ajulikane, kwani tofauti baina yao ilikuwa sehemu 3 za mia za sekunde moja. Hiyo ilikuwa medali ya dhahabu ya kwanza kwa Tanzania katika mashindano hayo.

Wananchi wa Bara na Visiwani walishangilia kwa pamoja. Hata hivyo, lipo swali linalotangulia shangwe ambalo huulizwa na wachache: ni nani anayemlisha mwanariadha, kumnunulia viatu na kumlipia nauli katika miaka ile ambayo jina lake bado halijulikani? Simbu mwenyewe alikuwa wa 5 katika Michezo ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akapata medali ya shaba mjini London mwaka 2017, na akasubiri miaka 8 zaidi kabla ya kupata dhahabu. Safari ya namna hiyo haiwezi kugharimiwa na mchango wa siku moja.

Makala haya yanakusudia kuwaeleza wananchi namna michango ya kumsaidia mwanariadha chipukizi inavyoweza kukusanywa, kutunzwa na kutumiwa kwa haki. Mifano imechukuliwa katika Mkoa wa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, kwa sababu huko utajiri wa ardhini na uhaba wa msaada kwa vijana wakimbiaji vinaonekana kwa karibu zaidi. Kanuni zenyewe, hata hivyo, zinafaa pia katika shehia za Unguja na Pemba.

TULIKOTOKA

Ni vyema ikafahamika kwamba katika miaka ya 1970 riadha duniani ilikuwa ni mchezo wa ridhaa, na mkimbiaji hakuruhusiwa kupokea malipo kwa kukimbia. Katika zama hizo ndipo Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, kwa muda wa dakika 3 na sekunde 32.16. Mwaka 1980 mjini Moscow, Bayi alipata medali ya fedha katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata medali ya fedha katika mita 5,000.

Mwaka 1982 chombo cha kimataifa cha riadha kiliruhusu wanariadha wafunguliwe mifuko maalumu ya kuwekea mapato yao. Mwaka 1997 zawadi za fedha zilianza kutolewa katika Mashindano ya Dunia, na mwaka 2001 neno "ridhaa" likaondolewa katika jina la chombo hicho. Tangu hapo riadha imekuwa kazi kamili. Katika mashindano ya Tokyo ya mwaka 2025, mshindi wa kila mbio ya mtu mmoja alitengewa dola 70,000 za Marekani.

Tukiwatazama waliofanikiwa, tutaona kwamba mara nyingi ulikuwapo mlango uliofunguliwa na wengine. Nyambui alipata nafasi ya masomo katika Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, Marekani, na akakimbilia chuo hicho. Juma Ikangaa, aliyekuwa wa 2 katika marathoni ya Boston kwa miaka mitatu mfululizo, yaani 1988, 1989 na 1990, na akashinda ile ya New York mwaka 1989 kwa muda wa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, alikuwa ofisa wa jeshi. Jeshi na chuo vilimpa mkimbiaji chakula, malazi na muda wa kufanya mazoezi. Kijana asiyeingia katika milango hiyo hubaki mikononi mwa wazazi wake na majirani zake.

KIWANGO KINACHOTAKIWA SASA

Baadhi ya wananchi hudhani kwamba kijana mwenye kasi akipelekwa tu mashindanoni atashinda. Hesabu hazionyeshi hivyo. Kwa Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, kiwango cha kufuzu moja kwa moja katika mita 1,500 kwa wanaume kilikuwa dakika 3 na sekunde 33.50. Rekodi ya dunia aliyoiweka Bayi miaka 50 kabla ingemfikisha Paris kwa tofauti ya zaidi kidogo ya sekunde moja. Kiwango cha marathoni kwa wanaume kilikuwa saa 2, dakika 8 na sekunde 10; ushindi wa Ikangaa wa New York ungekivuka kwa sekunde 9 tu. Kwa wanawake kilikuwa saa 2, dakika 26 na sekunde 50.

Maana yake ni kwamba muda uliokuwa wa kumfanya mtu bingwa zamani, leo ni ruhusa ya kuingia uwanjani. Kuufikia kunahitaji miaka kadhaa ya mazoezi yasiyokatika, na mazoezi hukatika mara nyingi zaidi kwa sababu ya njaa, maradhi na ukosefu wa nauli kuliko kwa sababu ya uvivu.

HALI YA SHINYANGA NA GEITA

Ukanda huu ni miongoni mwa maeneo yenye utajiri mkubwa wa madini nchini. Almasi ya Mwadui iligunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Mkoa wa Geita wenyewe ulianzishwa mwaka 2012, na mwezi Machi 2019 mjini Geita kulifunguliwa soko la madini ambamo wachimbaji wadogo huuza dhahabu yao mbele ya maofisa wa Serikali.

Fedha za madini zimewahi kuinua michezo katika eneo hili, hususan mpira wa miguu. Timu ya Geita Gold, iliyodhaminiwa na mgodi wa Geita, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2021, ikashika nafasi ya 4 katika msimu wa 2021/22 na kushiriki Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2022, kabla ya kushuka daraja mwaka 2024. Timu ya Stand United ya Shinyanga nayo ilipata udhamini wa kampuni ya madini ya Acacia mwaka 2015. Lakini mwaka uliofuata, kutokana na mgogoro wa uongozi ndani ya klabu, mdhamini huyo alijitoa. Mifano hii miwili inatufundisha kwamba fedha zipo, na kwamba fedha hukimbia penye ugomvi.

Kwa upande wa riadha hali ni tofauti. Vijana huonekana katika mashindano ya UMITASHUMTA kwa skuli za msingi na UMISSETA kwa skuli za sekondari, hupongezwa, kisha hurudi makwao. Mvulana wa Nyarugusu, Rwamgasa au Mwakitolyo aliyemaliza skuli huku familia ikimtegemea, huona mashimo ya wachimbaji wadogo yako karibu zaidi kuliko uwanja. Kule hupata fedha ya leo, ingawa kwa hatari ya kifusi na ya zebaki itumikayo kukamatia dhahabu. Akikaa huko misimu miwili, mapafu na miguu yake huwa si ya mkimbiaji tena.

Msichana ana kikwazo cha ziada. Mkoa wa Shinyanga umetajwa kwa muda mrefu miongoni mwa mikoa yenye ndoa nyingi za utotoni. Familia inayoelezwa kwamba binti yao ana kipaji, bila ya kuonyeshwa msaada wowote, inaweza kuona kwamba ng'ombe wa mahari ni jambo la hakika kuliko medali. Kwa hiyo mchango unaomuweka binti skuli na mazoezini unamlinda pia na ndoa ya mapema. Inafaa ikumbukwe kwamba mwaka 2023 Mtanzania Magdalena Shauri alikuwa wa 3 katika marathoni ya Berlin kwa muda wa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Njia kwa wanawake ipo na imekwisha kupitwa.

MCHANGO NI WA KITU GANI?

Kabla ya kuomba hata shilingi moja, wahusika wanapaswa kuandika matumizi yanayotarajiwa. Mambo ya lazima ni haya yafuatayo:

(a) Chakula na malazi. Hili ndilo fungu kubwa na ndilo linalosahauliwa, kwa kuwa haliishi hata siku moja.

(b) Viatu na mavazi. Viatu vya mazoezi huchakaa mapema katika barabara za changarawe, na viatu vya miiba vya uwanjani hununuliwa mbali na kwa bei kubwa.

(c) Mwalimu na kambi. Mji wa Shinyanga uko zaidi kidogo ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Wakimbiaji wa masafa marefu hupendelea nyanda za juu zaidi, kama zile za Mbulu, Karatu na Arusha, ambako hewa nyepesi huufanya mwili uongeze uwezo wa kubeba hewa safi katika damu. Kijana wa Geita atahitaji kwenda huko kwa vipindi maalumu, na kuishi huko kuna gharama. Kwa upande wa walimu, Chuo cha Maendeleo ya Michezo cha Malya, wilayani Kwimba, hakiko mbali na ni mahali pazuri pa kutafuta ushauri.

(d) Nauli na ada za mashindano. Muda wa mkimbiaji hautambuliwi mpaka aupate katika mashindano yaliyoidhinishwa na yenye vipimo sahihi.

(e) Matibabu na nyaraka. Hapa huingia uchunguzi wa afya, cheti cha kuzaliwa na hati ya kusafiria. Vijana wamewahi kukosa safari kwa kukosa karatasi, si kwa kukosa mbio.

(f) Masomo. Fungu hili lisiondolewe kwa hali yoyote, kwa sababu zitakazoelezwa mbele.

FEDHA ZITATOKA WAPI?

Chanzo cha kwanza ni wananchi wenyewe. Ukanda huu unazo desturi za kale za kushirikiana: kulima kwa makundi, na yale majeshi ya jadi ya Sungusungu yaliyoanzia sehemu za Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambapo kila kaya ilikuwa na wajibu wake katika ulinzi. Moyo huo huo unaweza kutumika hapa. Tuchukue mfano wa hesabu tu: watu 100 wakitoa shilingi 3,000 kila mwezi, kwa mwezi zitapatikana shilingi 300,000 na kwa mwaka shilingi 3,600,000. Ahadi kubwa zinazotolewa hadharani siku ya hafla huvutia masikio, lakini mara nyingi hazifuatwi na fedha. Haba na haba hujaza kibaba, ilimradi haba hiyo isikatike.

Wakati wa kuchangisha nao una umuhimu. Mkulima wa pamba au mpunga ana fedha baada ya mavuno, si mwezi Januari. Majira hayo ya baada ya mavuno ndiyo pia majira ya ngoma za mashindano baina ya Bagika na Bagalu, ambazo hukusanya watu wengi. Kamati yenye busara itaomba nafasi ya kusema maneno machache hapo.

Chanzo cha pili ni migodi. Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii, unaokubaliwa na Serikali ya Mtaa ya eneo husika, na unaozingatia masuala ya mazingira, jamii, uchumi na utamaduni kwa kufuata vipaumbele vya eneo hilo. Hivyo basi, kumwandikia meneja wa mgodi barua ya kuomba msaada si njia pekee wala si njia bora. Njia bora ni ombi kujadiliwa katika mkutano mkuu wa kijiji, likapelekwa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na hatimaye likafika Halmashauri kabla mpango wa mwaka haujapitishwa. Ombi la kuwasaidia wakimbiaji kadhaa wa wilaya, pamoja na mwalimu wao, lina nguvu zaidi kuliko ombi la kijana mmoja.

Chanzo cha tatu ni mashindano yenyewe. Watanzania wamezoea kukimbia ili kuwachangia wengine. Mgodi wa Geita umekuwa ukiendesha tangu mwaka 2002 zoezi la kupanda Mlima Kilimanjaro ili kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI. Mbio za CRDB na zile za NBC Dodoma, zote zilizoanza mwaka 2020, zimechangia matibabu ya moyo kwa watoto na mapambano dhidi ya saratani ya shingo ya kizazi. Hizo ni kazi njema na ziendelee. Lakini hakuna kinachozuia wilaya kuandaa mbio ndogo ambazo sehemu ya ada yake itawekwa katika mfuko wa wakimbiaji chipukizi wa wilaya hiyo.

Chanzo cha nne ni Serikali, vyama vya michezo na wadhamini. Kwa Tanzania Bara, Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na upo Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Kwa Zanzibar, shughuli hizo ziko chini ya Baraza la Taifa la Michezo la Zanzibar. Makampuni ya biashara nayo yamewahi kusaidia. Simbu aliwahi kudhaminiwa na kampuni ya MultiChoice Tanzania. Ni vyema kuelewa kwamba milango hii hufunguka kwa mwanariadha ambaye muda wake umekwisha kuandikwa mahali panapotambuliwa. Kazi ya wananchi ni kumfikisha hapo.

UTUNZAJI WA FEDHA

Imani ikivunjika mara moja katika kijiji, kijana wa pili hatachangiwa, hata awe na kipaji kumshinda wa kwanza. Kwa sababu hiyo wananchi wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Iundwe kamati ya watu wasiopungua watano, akiwemo mzazi au mlezi, mwalimu wa skuli, mtu wa dini au mzee anayeheshimika, na mwanamke mmoja au zaidi. Mwalimu wa mbio asiwe mtunza fedha.

2. Kabla ya kutoka hadharani, kamati ijitambulishe kwa uongozi wa kijiji au mtaa na kwa Ofisa Utamaduni na Michezo wa wilaya. Iwapo wahusika wanataka kuwa klabu, wafuate taratibu za Msajili wa Vyama vya Michezo.

3. Fedha ziwekwe katika akaunti ya benki yenye watia saini wasiopungua watatu. Michango isipokelewe katika namba ya simu ya mtu binafsi.

4. Kila mchangiaji apewe stakabadhi, na kila baada ya miezi mitatu hesabu zibandikwe mahali pa wazi na kusomwa mkutanoni: kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki.

5. Mtoto aliye chini ya miaka 18 analindwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Asisainishwe mkataba wowote peke yake, asisafirishwe bila ya idhini ya mzazi au mlezi, na binti asipelekwe kambini pasipokuwepo mwanamke mtu mzima anayewajibika kwake.

6. Umri usipunguzwe ili kijana ashindane na wadogo zake. Wala asipewe dawa au vidonge vya kuongeza nguvu. Kwa kanuni za kimataifa, mwanariadha ndiye anayewajibika kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake, hata kama alipewa na mtu aliyemwamini.

JE, NI MKOPO AU NI ZAWADI?

Hapa ndipo ugomvi mwingi huzaliwa, na inafaa suala hili limalizwe mapema. Wachangiaji wengine hutoa kwa kutarajia kwamba kijana akitajirika atawarudishia. Kijana naye, akiumia goti au asipofikia kiwango, hujikuta akitembea kijijini kama mdaiwa wa watu mia moja. Wapo watakaoona aibu kurudi nyumbani, na wapo watakaoendelea kukimbia juu ya jeraha mpaka jeraha liwe kilema.

Ukweli ni kwamba wengi wa wanaochangiwa hawatafika Olimpiki. Hilo si kosa lao wala si la waliowachangia. Kwa hiyo mapatano yaandikwe kwa Kiswahili chepesi na kusomwa mbele ya wote: kwamba mchango ni zawadi na hautadaiwa, kwamba iwapo mwanariadha atapata zawadi za fedha, atarejesha kwenye mfuko sehemu ndogo iliyokubaliwa, kwa ajili ya wanaomfuata, na kwamba akishindwa kuendelea, fedha zilizobaki zitamalizia masomo yake au kumfundisha ufundi. Hii ndiyo sababu fungu la masomo halifai kuondolewa. Kijana aliyesoma na asiyepata medali anaweza kuwa mwalimu wa michezo, na kijiji kikapata wakimbiaji kumi badala ya mmoja.

HITIMISHO

Kumchangia mwanariadha ni kazi ya miaka minne au zaidi, yenye daftari, stakabadhi na subira. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mzazi mmoja wa Kishapu au Nyang'hwale hawezi peke yake kumfikisha mtoto wake kwenye mstari wa kuanzia wa mashindano ya dunia. Lakini kata moja inaweza, iwapo itaanza kabla kijana hajashuka shimoni na kabla binti hajaozwa.

Wananchi wenye nia ya kuanzisha mfuko wa namna hii wanashauriwa kufika katika ofisi ya kijiji, mtaa au shehia yao, na kisha kumwona ofisa anayehusika na michezo katika wilaya, ili wapate maelekezo kabla ya kuanza kukusanya fedha.